Binti wa miaka 8 anatoka Mtwara kwenda Njombe kwa bibi yake, nimpangie nini kwenye begi?

MamaChuno

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mwenzenu nina begi liko wazi kitandani tangu juzi na silimalizi. Nisaidieni.

Nipo Mtwara mjini, Chuno. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Likizo hii ya Juni baba yake kaamua aende Njombe kwa bibi yake mzaa baba, wiki tatu. Mimi siendi, nina kachanga ka miezi minne. Baba yake atamfikisha Masasi, pale atapokelewa na shangazi yake (wifi yangu, anafundisha huko), kisha wao wawili watapanda basi la Songea kupitia Tunduru, walale Songea, kesho yake waamkie Njombe. Mume wangu anauza mbao, na mbao zenyewe zinatoka hukohuko Njombe, kwa hiyo wazo lake la kwanza lilikuwa mtoto apande fuso linaporudi tupu. Nikamwambia mtoto si ubao.

Sasa shida. Mimi ni mtu wa Mikindani, baridi siijui. Baridi kali kuliko zote niliyowahi kukutana nayo ni ya Newala, nilikwenda msibani mwezi wa saba nikalala na kanga tatu meno yanagongana, wenyeji wananicheka. Mume wangu anasema Newala kwa Njombe ni jikoni.

Hapa kitandani nina gauni saba za kitambaa chepesi, taiti mbili, bukta tatu, fulana, chupi, yeboyebo, raba za shule, na sweta la shule ambalo amelivaa mara mbili tangu aanze darasa la kwanza, siku za mvua. Sokoni nimezunguka siku mbili. Mabelo ya mitumba yanayofunguliwa huku ni gauni, fulana na mashuka, maana nani atanunua jaketi Mtwara? Nimepata sweta moja zito la zambarau, la mtu mzima. Nikilikunja mikono mara tatu linamkaa.

Begi lenyewe ni la magurudumu, la baba yake alipohamia huku. Zipu upande mmoja imekufa, naifunga kwa pini.

Na kuna zawadi. Nazi nane, korosho zilizobanguliwa kilo mbili, samaki wakavu. Mume wangu anasema tupa kila kitu kwenye shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa mirabamiraba, biashara imeisha.

Lakini niseme ukweli, kinachoninyima usingizi ni mama mkwe. Alikuja kwetu mara moja tu, mtoto akiwa na miaka mitatu. Akafungua kabati la mtoto, akatoa kisweta, akakinyanyua kwa vidole viwili, akakigeuzia mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti bandia. Hakusema neno. Akakikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimekikunja mimi, akakirudisha. Miaka mitano sasa nakiona kile kisweta. Najua begi hili atalifungua yeye kwa mikono yake.

Nguo ngapi? Za namna gani? Na hizo zawadi zikae wapi?

---

Mbena Halisi

Kamwene dada! Hilo neno ndilo la kwanza la kumfungashia. Mfundishe mtoto, akishuka tu amwambie bibi yake "kamwene". Bibi wa Kibena akisalimiwa hivyo na mjukuu aliyezaliwa pwani, sahau habari ya sweta.

Turudi kwenye baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nyie huko mko usawa na samaki. Usiku wa Juni na Julai inashuka mpaka nyuzi tano, sita. Kule Makete asubuhi unakuta barafu nyembamba imelala juu ya majani. Mchana jua linawaka, watoto wanavua masweta wanacheza, saa kumi na moja jioni ukungu unarudi na kila mtu anakimbilia jikoni. Kwa hiyo mtoto avae vitu vya kuvua na kuongeza. Fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, juu yake fulana ya kawaida, juu sweta, juu jaketi. Ukimpa koti moja zito peke yake, mchana litabaki kwenye kiti, jioni atalisahau na mafua atapata.

Zile gauni saba punguza zibaki mbili, moja ya kanisani au sikukuu na moja ya kupigia picha. Taiti ongeza, anavaa chini ya suruali. Soksi usimhesabie, jozi nane, kwa sababu zikifuliwa leo hazikauki kesho. Hili watu wa pwani hamlijui. Huko ukianika saa nne, saa saba unaanua. Kwetu Juni nguo inakaa kwenye kamba siku mbili na bado mshono wa kiuno una maji. Ndiyo maana unahitaji nguo nyingi za ndani na soksi kuliko magauni.

Halafu usihangaike na masweta ya Mtwara! Belo la masweta linakwenda kwenye baridi. Soko la Njombe limejaa majaketi ya watoto, mizula, glavu, na ni bei ya kawaida kabisa. Mpe wifi yako hela, akanunue kule. Wewe hakikisha tu mtoto ana cha kumfikisha.

Nazi usipunguze hata moja. Kwetu minazi hakuna.

---

Konda Mstaafu

Nimefanya kazi ya mabasi ya kusini miaka kumi na mbili, naomba nizungumzie begi, nguo sijui.

Dada, begi lenye pini usilipeleke buti. Linapangwa chini, juu yake linawekwa gunia la mtu, juu ya gunia kuna ndoo, na njia yote hiyo linatikiswa. Pini itafunguka kabla ya Mangaka. Chukua kamba ya manila au mkanda wa zamani wa suruali ya baba, funga msalaba. Halafu lifunge na kipande cha kitenge kwenye mkono, chenye rangi ya kuonekana mbali, wala usiseme begi lako unalijua. Mabegi meusi ya magurudumu yote ni ndugu. Tuliwahi kushusha abiria Tunduru saa nane mchana, akachukua begi, akaenda. Tunafika Songea usiku, mama mmoja anafungua lake pale stendi anakuta vipuri vya pampu ya maji na buti za gamu. Gauni za harusi ya mdogo wake ziko Tunduru. Alilia mpaka na mimi nikajisikia vibaya, na lebo nilikuwa nimebandika mwenyewe, iling'oka.

Kwa hiyo andika namba ya simu ya baba na ya shangazi kwenye karatasi, weka NDANI, juu kabisa ya nguo. Ya nje inang'oka.

La pili, mtoto awe na kibegi chake cha mgongoni, kikae naye mapajani. Ndani sweta, soksi, chupi mbili, mswaki, kanga moja, maji, na cha kula. Mnalala Songea, sawa? Songea nako juu, na basi likifika usiku hakuna atakayetaka kufungua begi kubwa gesti. Kanga ni ya kujifunika kwenye basi, na ya kumzungushia basi likisimama watu wakachimbe dawa. Mtoto wa kike porini, unanielewa.

Kama anatapika safarini, asinywe chai ya maziwa asubuhi ile. Mpe ndimu ya kunusa na mihogo mikavu ya kutafuna. Na awe na mifuko yake, tangu rambo zipigwe marufuku 2019 konda hana tena mifuko ya kugawa kama zamani.

Nazi nane ni kilo sita hivi, na zinabingirika. Mimi ningekataa.

---

Jogoo la Shamba

Wiki tatu tu mnaandika kama anahamia Ulaya. Sisi tulisafiri na kaptula moja na hatukufa.

---

MamaChuno

Jogoo, hukufa, lakini mama yako alisemwa. Nenda kamuulize.

Mbena, asante sana kwa habari ya soksi, hiyo ya nguo kutokauka sikuwaza kabisa. Nilikuwa nimeweka jozi tatu nikijua zinafuliwa.

Konda, mkanda nimeupata. Nazi mnanichanganya, mmoja anasema zote, mwingine anakataa. Na samaki je?

---

Mzee wa Nachingwea

Samaki, binti yangu, nakuomba usimuweke kwenye begi la nguo. Nikueleze kwa nini.

Mwaka 1986 nilipangiwa sekondari Songea. Barabara ya Masasi kwenda Tunduru wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, lami tumeiona juzi juzi tu. Marehemu mama alikuwa na ndugu Lindi, akaletewa ngisi wakavu, akawafunga kwenye gazeti, gazeti kwenye kitambaa, kitambaa akakipachika pembeni ya tranka langu la bati, chini ya shuka. Kwa mapenzi tu, ili mwanawe asile maharage matupu. Safari ilituchukua siku tatu. Tranka limefungwa kufuli, jua linapiga bati mchana kutwa.

Nilipolifungua bwenini, vijana wa vitanda vya jirani walitoka nje. Mashati mawili meupe, kaptula, shuka, hata kurasa za Biblia. Nilifua kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikachubuka. Harufu ilipungua, haikuisha. Jina langu mpaka namaliza kidato cha nne lilikuwa Ngisi. Nikikutana na mtu wa darasa letu leo, mtu mzima mwenye wajukuu, ananiita Ngisi.

Samaki na korosho zikae kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya lita tano, ukaibane mfuniko kwa gundi ya karatasi. Bibi atabaki na ndoo, nayo ni zawadi.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Nimefurahi na Ngisi, samahani mzee wangu 😂

Mimi nipo Lindi, nitasema la dawa halafu nirudi wodini. MamaChuno, mtoto anatoka kwenye malaria anakwenda mahali ambapo malaria ni chache sana. Watu wanadhani akishapanda milima amepona. Mbu aliyemng'ata Chuno usiku wa kuamkia safari anasafiri naye kwa maana kwamba vijidudu tayari vimo kwenye damu. Homa inaweza kuja baada ya siku saba, kumi, hata wiki tatu au nne. Yaani katikati ya likizo, kwa bibi, penye ukungu na mafua, na kila mtu atasema "ni baridi tu, hajazoea, mpe chai ya tangawizi." Hapo ndipo mtoto anapochelewa.

Andika kwenye karatasi, weka na kadi ya bima na nakala ya cheti cha kuzaliwa: "Mtoto huyu ametoka Mtwara. Akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo." Mwambie na shangazi kwa mdomo. Kipimo ni cha tone la damu la kidole, majibu dakika kumi na tano hadi ishirini. Tafadhali usifungashe dozi ya mseto, dawa ya malaria, iliyobaki kwenye kabati ili wampe kwa kukisia. Apimwe kwanza. Parasetamoli ya maji weka, na uandike kwenye chupa kipimo chake kulingana na kilo zake. Mpime kabla hajaondoka. Pakiti mbili za ORS pia.

Mafuta ya mgando kopo kubwa. Baridi kavu inapasua midomo na visigino, na mtoto wa pwani hajui kupaka mpaka damu itoke.

La mwisho, na hili zungumza na mama mkwe bila aibu, au mume wako azungumze: jiko la mkaa lisiingizwe chumba wanacholala watoto, milango imefungwa. Hewa yake haina harufu ya kukuamsha. Familia nzima hulala na haiamki. Watu wa baridi wanajua, lakini usiku wa baridi sana watu hujisahaulisha.

---

Mbena Halisi

Nesi amesema kweli tupu hapo kwenye jiko. Kwetu tunaota moto jikoni, tunaacha makaa jikoni, tunakimbilia vitandani. Bibi yangu alikuwa anapasha jiwe la mtoni kwenye moto, analifunga na kitambaa, analiweka miguuni mwa mtoto. Siku hizi chupa ya maji ya moto.

Nimesahau: yeboyebo waache Mtwara. Raba, na soksi ndani ya raba. Na begi lisijazwe. Unadhani litarudi tupu? Litarudi na maparachichi, viazi, unga wa ngano, na blanketi. Weka ile shangazi kaja ikiwa imekunjwa chini kabisa ya begi, utanishukuru.

---

MamaChuno

Jamani nimemaliza, wanaondoka kesho alfajiri. Nieleze ili mwenye mtoto kama wangu aone.

Gauni zimebaki mbili. Nimetumia usiku mzima kufanya kitu ambacho mume wangu alinicheka: kila siku nimeifunga furushi lake. Chupi, soksi, fulana ya mikono mirefu, taiti, vimeviringishwa pamoja kama chapati na kufungwa na uzi. Mafurushi saba. Asubuhi anachukua furushi moja, hachambui begi zima. Alipoona hivyo mtoto akaanza kuyapa majina ya siku, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika JUMATANO kwenye soksi yenyewe. Nimekasirika, halafu nikaona haina shida, angalau soksi hazitapotea.

Sweta la zambarau nimelikata mikono, nikaipinda na kuishona upya kwa cherehani ya jirani. Nikachomoa na vifungo vya plastiki, nikaweka vya mti. Limetoka. Nimeligeuzia mwanga wa dirisha mwenyewe nikalikagua. Sijaona tundu. Liko kwenye kibegi cha mgongoni, pamoja na kanga, ndimu mbili na mihogo.

Karatasi ya nesi ipo. Nimeandika kwa herufi kubwa, na mtoto ameisoma kwa sauti mara tatu, sasa anamwambia kila anayepita kibarazani, "Mimi nikipata homa nipimwe."

Ndoo ya lita tano ina korosho na samaki. Nazi nimeweka mbili tu, zimefuliwa, nimezivingirisha ndani ya jaketi lake la mvua. Konda amenitisha na kilo zake, na wifi yangu ndiye atakayebeba. Kamwene anaijua. Anaisema kwa lafudhi ya Kimakonde lakini anaijua.

Alipolala nikafungua begi tena nikatoa gauni moja nikarudisha nyingine. Sijui kwa nini.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Wote tunafanya hivyo. Safari njema kwake.

---

Jogoo la Shamba

Nimemuuliza mama. Kweli alisemwa.

---

MamaChuno

Narudi na habari. Wamefika juzi salama, walilala Songea, hakutapika hata kidogo. Mkanda wa baba yake umelishika begi mpaka mwisho.

Jana jioni ndiyo nimeongea naye kwenye simu. Nikamuuliza la kwanza kabisa, bibi amefungua begi?

"Amefungua."

Akasemaje?

"Alicheka soksi za Jumatano. Akahesabu mafurushi. Halafu akasoma karatasi, akaibandika ukutani jikoni."

Na sweta?

"Lipi, la zambarau? Amepewa mtoto wa baba mdogo. Bibi alikuwa ameshanifumia la kwangu. La njano. Linanifika magotini."

Nikanyamaza kidogo. Nikamuuliza, bibi alisema nini kingine.

"Alisema, mbona nazi mbili tu?"

Kisha mama mkwe mwenyewe akachukua simu. Tukasalimiana. Akasema mtoto anakula vizuri, anaamka mapema, na kwamba vile vifungo vya mti ameviona. Hakuongeza neno. Akarudia habari ya nazi.

Konda, nisaidie. Nataka kutuma nazi kumi Njombe wiki hii. Basi gani halitakataa?

---

Konda Mstaafu

Dada, si una mume mwenye fuso linalorudi tupu? Nazi si mtoto. Zipande.